Waliopigana Hawakutia Saini

Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, kuna jumba dogo la makumbusho, na ndani yake, nyuma ya kioo, limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa. Kisa chake kinajulikana. Mnamo Agosti 1891, kule Lugalo, Wahehe walikiangamiza kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski. Mwaka 1898, baada ya kuwindwa msituni kwa miaka kadhaa, Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai, na Wajerumani wakakichukua kichwa chake. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba fuvu hilo limetajwa kwa jina katika mkataba uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles kiliitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Kifungu hichohicho kiliagiza pia kwamba Msahafu wa Khalifa Uthman, uliotolewa Madina na watawala wa Kituruki na uliosemekana kupelekwa kwa Kaizari kama zawadi, urudishwe kwa Mfalme wa Hijazi.

Mkataba ule una vifungu 440, na ukiusoma unashangaa jinsi waandishi wake walivyokuwa na kumbukumbu. Walikumbuka vitabu vya maktaba ya Louvain iliyochomwa moto na majeshi ya Ujerumani. Walikumbuka michoro ya kanisa la Ghent. Walikumbuka hata mifugo, kwani Ujerumani ilitakiwa kutoa ng'ombe wa maziwa 90,000 kwa Ufaransa na 50,000 kwa Ubelgiji, na kando yao farasi, mafahali na kondoo. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Juni 1919. Tarehe 1 Septemba 1939, miaka 20 na miezi miwili baadaye, majeshi ya Ujerumani yalivuka mpaka wa Polandi.

Kwa zaidi ya karne moja wasomi wamebishana iwapo amani ile ilikuwa kali mno au haikuwa kali vya kutosha. Wengi huanza na hesabu ya fidia. Mimi nadhani mahali pa kuanzia ni ukurasa wa mwisho, penye majina. Waliotia saini kwa niaba ya Ujerumani ni raia wawili: Hermann Müller, waziri wa mambo ya nje kutoka chama cha wafanyakazi cha Social Democrats, na Johannes Bell, waziri aliyekuwa na dhamana ya uchukuzi na makoloni. Hakuna jenerali hata mmoja. Kaizari hayumo. Wale walioianzisha vita na kuiongoza hawamo, na mengi yaliyofuata yalichipuka katika pengo hilo.

Haikutokea kwa bahati mbaya. Tarehe 29 Septemba 1918, katika makao makuu ya jeshi kule Spa, Ubelgiji, Jenerali Erich Ludendorff alimwambia Kaizari Wilhelm kwamba vita imeshindikana na mapigano lazima yasitishwe upesi. Kwa miaka miwili yeye na Paul von Hindenburg, mkuu wa jeshi, walikuwa wameitawala Ujerumani karibu kama mali yao, wakiwaficha wabunge hali halisi ya mambo. Sasa Ludendorff akashauri iundwe serikali mpya yenye vyama vya bungeni, na hakuwaficha maofisa wake sababu: wanasiasa ndio wabebe mzigo wa kuomba amani. Wiki chache baadaye alitorokea Uswidi kwa jina la bandia, akiwa amejigeuza sura. Kaizari naye alikimbilia Uholanzi, akaishi huko kwenye jumba lake la Doorn mpaka alipokufa mwaka 1941.

Ndipo raia mmoja, Matthias Erzberger, mwanasiasa wa chama cha Wakatoliki, akatumwa kwenye msitu wa Compiègne kaskazini mwa Paris. Ndani ya behewa la treni la Marshal Ferdinand Foch wa Ufaransa, alfajiri ya tarehe 11 Novemba 1918, alitia saini ya kusitisha mapigano. Saa hiyo majeshi ya Ujerumani yalikuwa bado yamesimama katika ardhi ya Ubelgiji na Ufaransa. Hakuna mji mkubwa wa Ujerumani uliokuwa umetekwa upande wa magharibi. Askari waliandamana kurudi makwao kwa nidhamu na bendera zao, na kule Berlin, Friedrich Ebert, kiongozi wa serikali mpya, aliwapokea kwa kuwaambia kwamba hakuna adui aliyewashinda. Bila shaka alitaka kuwatuliza watu waliokuwa na silaha mikononi na njaa tumboni, lakini neno hilo liliigharimu jamhuri yake. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1919, Hindenburg alisimama mbele ya kamati ya bunge akadai kuwa jeshi lilichomwa kisu mgongoni na watu wa nyumbani. Ludendorff aliyekiri kushindwa na Hindenburg aliyeafiki wakawa sasa ndio mashahidi wa uongo huo.

Tuwape haki waliokaa upande wa pili wa meza. Georges Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa, alikuwa mzee wa miaka 77 ambaye ujanani aliiona Paris ikizingirwa na Waprusia. Mwaka 1871 Ujerumani iliinyang'anya Ufaransa Alsace na sehemu ya Lorraine na kuitoza faranga bilioni tano, nayo Ufaransa ikalipa zote kabla ya muda kwisha. Katika vita hii mpya Wafaransa zaidi ya milioni moja na laki tatu walikufa, mashamba yao ya kaskazini yakawa mahandaki, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma waliyajaza maji machimbo ya makaa ya mawe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Ufaransa ilikuwa imeumwa mara mbili ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Wala Ujerumani yenyewe haikuwa mwalimu wa huruma. Machi 1918, kule Brest-Litovsk, iliibana Urusi ya Wabolsheviki mpaka ikasalimisha Polandi, nchi za Baltiki na Ukraine. Ukiuweka mkataba huo kando ya ule wa Versailles, wa Versailles unaonekana mwepesi. Hilo nalisema kwa sababu siku hizi imekuwa desturi kuwahurumia Wajerumani wa 1919 kana kwamba walionewa na watu waovu. Walioandika mkataba walikuwa na makovu, na nyuma yao kulikuwa na wapiga kura waliozika watoto wao.

Hata hivyo, namna ilivyofanywa iliacha uchungu usiokwisha. Mkutano wa Paris ulifunguliwa tarehe 18 Januari 1919, siku ileile ambayo mwaka 1871 Dola ya Ujerumani ilitangazwa katika Ukumbi wa Vioo wa kasri la Versailles. Wajerumani hawakualikwa kujadiliana. Waliitwa tarehe 7 Mei kupokea kitabu kilichokwisha kuandikwa, wakaruhusiwa kujibu kwa maandishi tu. Wakati huo manowari za Uingereza zilikuwa bado zimezuia bandari zao, na zuio hilo lililowaua raia kwa njaa liliondolewa Julai 1919, miezi minane baada ya bunduki kunyamaza. Katikati ya Juni walipewa siku chache wakubali au majeshi yaingie. Waziri mkuu wao, Philipp Scheidemann, alijiuzulu asitie mkono wake. Hindenburg alipoulizwa kama jeshi lingeweza kupigana tena, alikuwa ameshakiri kwamba upande wa magharibi haliwezi, kisha akarudi kwenye heshima yake akawaacha wabunge wapige kura.

Kwa hiyo Müller na Bell wakaenda. Sherehe ilifanyika Ukumbi wa Vioo uleule, tarehe 28 Juni, miaka mitano kamili tangu Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria, alipouawa Sarajevo. Clemenceau alikuwa ameagiza waletwe askari watano wa Kifaransa waliovunjwa nyuso zao vitani, wakawekwa mahali ambapo Wajerumani wangewaona. Nafikiri hakuna anayeweza kuwatazama watu wale asielewe hasira ya Clemenceau. Lakini waliolazimishwa kuwatazama walikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi na mwanasheria wa Kikatoliki. Wale waliotoa amri za kufyatua mizinga hawakuwepo ukumbini. Kifungu cha 227 kilitaka Kaizari ashtakiwe, Uholanzi ikakataa kumtoa, na mashtaka yakaishia hapo.

Ujerumani ilipoteza karibu asilimia 13 ya ardhi yake ya Ulaya na asilimia 10 ya watu wake. Jeshi lake lilipunguzwa hadi askari 100,000, bila vifaru, bila ndege za kivita, bila nyambizi. Ukanda wa Rhineland ulikatazwa kuwekwa askari. Machimbo ya Saar yalipewa Ufaransa, na jimbo lenyewe likawa chini ya Shirikisho la Mataifa kwa miaka 15. Polandi ilipata njia ya kufika baharini iliyoitenga Prussia ya Mashariki na sehemu nyingine ya Ujerumani, na Danzig, mji wa Wajerumani, ukatengwa kuwa mji huru. Kifungu cha 231 kiliifanya Ujerumani na washirika wake wabebe dhima ya hasara yote ya vita. Wanasheria walikiandika kama msingi wa kudai fidia, na kifungu kilichofuata kilikubali wazi kwamba Ujerumani haiwezi kulipa kila kitu. Mwananchi wa Hamburg au Munich hakusoma kifungu kilichofuata. Alisikia tu kwamba taifa lake limeandikwa kuwa ndilo lenye hatia.

Makoloni nayo yakaondoka. Kwa kifungu cha 119 Ujerumani iliachia milki zake zote za ng'ambo. Afrika Mashariki ya Kijerumani ikakatwa vipande: Tanganyika kwa Uingereza, Rwanda na Urundi kwa Ubelgiji, na pembe ya Kionga, kusini mwa mlango wa Ruvuma, kwa Ureno. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikuwa wamekufa katika vita ile, wale ambao jina la jeshi lao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Hakuna aliyeitwa Paris kutoka miongoni mwa jamaa zao. Walichokumbukwa ni fuvu la Mkwawa, tena kwa sababu mtawala wa Kiingereza wa huku, Horace Byatt, aliona kulirudisha kungewapendeza Wahehe na kuwaonyesha kwamba enzi ya Wajerumani imekwisha.

Deni lenyewe lilitajwa baadaye, Mei 1921: mark za dhahabu bilioni 132. Ukweli ni kwamba bilioni 82 kati ya hizo ziliwekwa kwenye hati ambazo wataalamu walijua hazitadaiwa kamwe. Zilikuwepo ili wapiga kura wa Paris na London waone tarakimu kubwa. Hapa ndipo naona ubaya wa siasa za aina hii. Tarakimu iliyoandikwa kuwafurahisha Wafaransa ilisomwa pia na Wajerumani, nao wakaiamini. Serikali ya Berlin ililipa kwa kusitasita, Januari 1923 Ufaransa na Ubelgiji zikaingiza majeshi bonde la Ruhr zikachukue makaa ya mawe kwa nguvu, wafanyakazi wakagoma, na serikali ikachapa noti za kuwalipa waliogoma. Kabla ya vita dola moja ya Marekani ilikuwa mark 4.2. Novemba 1923 ilikuwa mark trilioni 4.2. Mtu aliyeweka akiba ya maisha yake benki aliona haimnunulii mkate.

Katika miaka hiyo walioshika kalamu walianza kulipia. Erzberger, yule wa behewa la Compiègne, alipigwa risasi na wanajeshi wa zamani wa mrengo wa kulia tarehe 26 Agosti 1921, akitembea katika Msitu Mweusi. Walther Rathenau, waziri wa mambo ya nje aliyeamini kwamba ni heri kujaribu kulipa ili dunia ione kuwa haiwezekani, aliuawa ndani ya gari lake Berlin tarehe 24 Juni 1922. Ludendorff alikuwa amesharudi nyumbani. Novemba 1923 aliandamana na Adolf Hitler katika jaribio la mapinduzi Munich, akashtakiwa, akaachiwa huru. Na mwaka 1925 Wajerumani walimchagua Hindenburg kuwa rais wao. Mkuu wa jeshi lililoshindwa akakaa ikulu, huku waliolisitiri kwa saini zao wakiitwa wasaliti wa Novemba.

Ni kosa, hata hivyo, kuchora mstari mmoja ulionyooka kutoka Versailles mpaka Hitler. Baada ya 1924 mambo yalitulia. Mpango wa Dawes ulipunguza makali ya malipo, mikopo ya Marekani ikaingia, makubaliano ya Locarno ya 1925 yakawakutanisha mahasimu, na mwaka uliofuata Ujerumani ikapokelewa katika Shirikisho la Mataifa. Katika uchaguzi wa Mei 1928 chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 ya kura. Aliyekuwa kansela baada ya uchaguzi huo ni Hermann Müller, yuleyule wa Ukumbi wa Vioo. Jeraha lilikuwa linaelekea kufunga.

Kilichokuja kulifungua ni mdororo wa uchumi ulioanzia New York mwaka 1929. Mikopo ikaitwa irudi, viwanda vikafungwa. Serikali ya Müller ilianguka Machi 1930 kwa kutoelewana juu ya bima ya wasio na kazi, naye akafariki mwaka mmoja baadaye. Septemba 1930 chama cha Hitler kilipanda hadi asilimia 18, na Julai 1932 hadi 37, wakati watu wapatao milioni sita hawakuwa na kazi. Njaa ya 1932 haikuletwa na Versailles. Ila mtu mwenye njaa hutaka kuambiwa nani kamnyima chakula, na jibu lilikuwa limekaa tayari kwa miaka 13, limeandikwa na wageni na kutiwa saini na wanasiasa wa jamhuri ileile. Tarehe 30 Januari 1933, Rais Hindenburg alimteua Hitler kuwa kansela.

Kuna upande mwingine wa amani kali ambao hausemwi sana, nao ni jinsi inavyomlegeza aliyeitoa. John Maynard Keynes, mchumi aliyekuwa katika ujumbe wa Uingereza, alijiuzulu Juni 1919, na mwishoni mwa mwaka alichapisha kitabu kilichoushambulia mkataba. Kilisomwa kote. Lloyd George mwenyewe, waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa ameonya mwezi Machi 1919, katika waraka wake wa Fontainebleau, kwamba kuwaweka Wajerumani wengi chini ya mataifa madogo jirani kungezaa vita. Seneti ya Marekani iliukataa mkataba kabisa. Kufikia miaka ya 1930, Waingereza wengi wenye dhamiri njema walikuwa wamekubali kwamba Ujerumani ilionewa. Hitler aliporudisha uandikishaji wa lazima wa askari mwaka 1935, walilalamika tu. Alipoingiza jeshi Rhineland tarehe 7 Machi 1936, jeshi ambalo Ufaransa ingeweza kulirudisha, wengi Uingereza waliona anaingia tu kwenye uwanja wake mwenyewe. Austria, Machi 1938. Sudetenland, Septemba. Hata kurudishwa kwa makoloni kulizungumzwa London, na huku Tanganyika watu walijiuliza kama bendera ya Ujerumani itapandishwa tena. Kwa hiyo amani ile iliwapa walioshindwa hasira ya kuivunja na ikawapa walioshinda aibu ya kuilinda. Kila kimoja peke yake kingeweza kuvumilika.

Juni 1940 Ufaransa ilianguka. Hitler aliagiza behewa la Foch litolewe katika jumba la makumbusho kule Compiègne na lirudishwe palepale liliposimama mwaka 1918. Tarehe 21 Juni aliketi kwenye kiti cha Foch akasikiliza utangulizi wa masharti ukisomwa kwa Wafaransa, nao wakatia saini kesho yake. Kisha behewa likapelekwa Berlin, na katika mwaka wa mwisho wa vita likateketezwa ili lisitumike mara ya tatu.

Vita hiyo ya pili ilifika tena huku. Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa waliingia King's African Rifles, wakapigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyokuwa ikiwasafirisha kutoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Safari hii washindi walikuwa wamejifunza jambo kuhusu kalamu. Tarehe 7 Mei 1945, kule Reims, aliyetia saini kwa Ujerumani ni Jenerali Alfred Jodl, na usiku wa kesho yake, Karlshorst mjini Berlin, ni Field Marshal Wilhelm Keitel. Wote wawili walinyongwa Nuremberg mwaka 1946. Hakuna aliyeweza kusema tena kwamba jeshi lilisalitiwa na raia. Masharti yalikuwa mazito kuliko ya 1919: nchi nzima ilikaliwa na kugawanywa, na mamilioni ya Wajerumani wakafukuzwa mashariki. Lakini upande wa magharibi misaada ya Marekani ilianza kuingia mwaka 1948, na kwa makubaliano ya London ya Februari 1953 wadai waliifutia Ujerumani Magharibi karibu nusu ya madeni yake ya nje, na Ugiriki, iliyokuwa imekaliwa na majeshi ya Hitler, ikiwa miongoni mwao.

Mwaka huohuo wa 1953 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alisafiri hadi Bremen kutafuta lile deni jingine. Kwenye jumba la makumbusho la mji huo alikuta mafuvu mengi yaliyokusanywa enzi za ukoloni. Vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa vilichukuliwa na kulinganishwa, na mojawapo, lenye tundu la risasi, likachaguliwa kuwa ndilo. Wapo wanahistoria ambao mpaka leo hawajaridhika na ushahidi huo.

Mkataba ulikuwa umeanza kutumika tarehe 10 Januari 1920, kwa hiyo miezi sita ya kifungu cha 246 ilikwisha Julai mwaka huo. Twining alilikabidhi fuvu kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, pale Kalenga, tarehe 19 Juni 1954.